Wimbo Uchukue, Jina Liache

Ruangwa, alasiri

Mwanangu Issa,

Salamu za kukuuliza hali sikuandikii, kwa sababu hali yako naisikia. Uko hapo uani, unafunga na kufungua lile sanduku, na mama yako anakugombeza kwamba utavunja komeo kabla hujafika hata Nachingwea. Mimi niko ndani kwenye meza ya cherehani. Nimesukuma pembeni kanzu ya mwalimu wa chuo cha Kurani ambayo nilimwahidi ataivaa Ijumaa. Nimejaribu kuishona, mkono ukaenda kombo, nikafumua, nikashona, ukaenda kombo tena. Nimeona heri niandike, maana karatasi haina mwenyewe wa kuja kunigombeza.

Unajua kwa nini naandika badala ya kukuita ndani. Juzi uliniuliza, "Baba, ule wimbo wako wa kambini, nauchukua?" Nami nikaweka mkasi chini, nikavaa viatu, nikatoka. Niliporudi mlikuwa mmeshakula. Ulidhani nimekataa, na umenuna siku mbili sasa, ingawa unajitahidi kunificha. Sikukataa. Sikuwa na jibu, na mzee asiye na jibu huvaa viatu akaenda kutazama mihogo ya watu.

Leo jibu ninalo. Nitakupa, lakini si sasa hivi, kwa sababu nikikupa sasa hutalielewa, utaliona ni kichaa cha mshona nguo.

Mambo ya njiani siyagusi. Lori la kwenda Nachingwea, treni ya Mtwara, meli, nani wa kumwamkia na nani wa kumkwepa, hayo mama yako anakukaririsha tangu juma lililopita, na hapa nasikia harufu ya karanga anazokukaangia. Uzichukue zote, hata kama sanduku halifungi. Mimi nataka kusema juu ya kazi unayoiendea, maana niliwahi kuifanya kidogo, nikaiharibu.

Yule bwana wa picha mwenye miwani alipokukuta unapiga gitaa kwenye harusi, akakwambia bendi ya dansi Dar es Salaam inatafuta mtu, na tena kuna picha mpya ya sinema inayotaka mtungaji wa muziki, nilifurahi mpaka nikajichoma sindano. Uliniona nimekunja uso. Ilikuwa sindano. Halafu akataja wimbo. Akasema aliusikia katika ile sinema ya zamani ya mashamba ya karanga, na anautaka uleule kwa bendi na kwa picha yake mpya, pamoja na lile jina linaloitwa katikati, kwani hapo ndipo watu wanapoitikia. Furaha yangu ikaishia hapo.

Habari ya jina hilo umeipata vipande vipande, kipande sokoni, kipande kwa shangazi yako, na kila mmoja anaongeza chumvi yake. Sasa ipate kwangu.

Mjomba wako Rashidi na mimi tuliingia jando siku moja. Yote yanaanzia hapo. Tulilala kumbi moja, tukatoka siku moja, nguo zetu za utotoni zikachomwa kwenye moto mmoja, na majina yetu ya utotoni tukayaacha huko pamoja na majivu. Wewe umepita, huhitaji kufundishwa. Lakini unakwenda kuishi na watu ambao kwao jina la utotoni ni kitu cha kuchekea tu, hata mtu akizeeka mama yake bado humwita hivyo na hakuna anayekasirika. Wao si wabaya. Sisi ndivyo tulivyo: kumwita mtu mzima kwa jina alilolivua jandoni ni kumvua nguo hadharani. Nakuandikia jambo unalolijua ili uwe na maneno ya kuwaeleza, maana mimi maneno hayo yalinikosa nilipoyahitaji.

Baadaye nilimwoa dada yake Rashidi, ndiye mama yako, nikahamia kwao Matambarale kama ilivyo desturi, nikalima kwenye shamba la ukweni. Rashidi akawa shemeji, na mjomba wa watoto wangu. Nawe unajua mjomba kwetu ni nani. Baba hulisha, mjomba huamua.

Kisha wakaja Wazungu wa karanga. Pori la Nachingwea, ambalo tulikuwa tunalizunguka kwa kuogopa simba, likalazwa chini na makatapila. Tulikwenda wote wawili, mimi na Rashidi, tukapangwa kung'oa mizizi nyuma ya mashine. Kambini walikuwako watu wa kila upande, Wangoni, Wahehe, Wanyamwezi, hata watu wa ng'ambo ya Ruvuma, na jioni wote hatukuwa na la kufanya isipokuwa kukumbuka nyumbani. Nikapata kodiani kwa mpishi mmoja aliyekuwa anahama, imetoboka mfuko, nikaiziba kwa kitambaa na gundi. Hapo ndipo ushonaji wangu ulipoanza, kama hukujua. Mngoni mmoja alikuwa na gitaa, mwingine akatengeneza ngoma kwa pipa. Tukawa bendi. Jumamosi tulipiga rumba tulizoziiba kwenye santuri, na watu wakacheza mpaka vumbi jekundu likawafikia kiunoni.

Issa, hakuna kitu nilichowahi kukipenda kama kile, nisamehewe na mama yako. Unapiga, unaona miguu ya watu wazima mia inakutii. Unapunguza, nayo inapunguza. Mtu aliyetukanwa na nyapara mchana kutwa anakuja mbele yako, anafumba macho, anakuwa mwungwana. Nililewa bila kunywa.

Nikaanza kutunga zangu. Na ule wimbo ulikuja asubuhi moja, nimeinama nang'oa mzizi. Rashidi wakati huo ameshachoka na kambi, amerudi kulima, nami nilimkumbuka. Nilikumbuka tulivyokuwa tunakwenda kutega ndege upande wa Narung'ombe kabla umande haujakauka. Ukawa hivi:

*Ee fulani, amka twende,*
*umande ungalipo majanini;*
*ndege wa jana hakuruka mbali,*
*ee fulani, mbona huitiki?*

Hapo palipo na "fulani" pana jina. Siliandiki hapa, wala sijaliandika popote. Nilijaribu kumwita Rashidi. Sikiliza mwenyewe: "Ee Rashidi, amka twende." Ni kama karani anaita watu kazini. Halafu tulipokuwa tunatega ndege hakuwa Rashidi. Alikuwa yule mwingine. Nikaweka jina la yule mwingine, na wimbo ukakaa sawasawa kama mguu katika kiatu chake.

Nilijua ninachofanya. Usimsikilize anayekwambia baba yako alipitiwa. Nilijiambia: hawa ni Wanyamwezi, hawa ni Wahehe, nani atajua? Kwao ni sauti tu. Na kweli hawakujua. Waliitikia lile jina watu mia kwa pamoja, "mbona huitiki?", na mimi nikatabasamu juu ya kodiani yangu. Sikumtukana mtu, mwenyewe hayupo, na waliopo hawamjui. Mpaka leo najishangaa nilivyojipangia hoja zangu vizuri.

Nimeinuka kidogo, nimekwenda mlangoni. Mama yako ameniuliza mbona nachungulia njia kila dakika, nikasema natazama kama mwalimu anakuja kudai kanzu. Nimerudi.

Picha ikaja. Mzungu na karani wake wa Kiswahili, na mashine ya kunasa sauti. Walikuwa wanatengeneza sinema ya kuonyesha kazi ya karanga, na walitaka muziki wa wafanyakazi wenyewe. Wakatuchagua sisi. Walitundika mablanketi pande zote ili upepo usiingie, wakaweka mtu wa kufukuza majogoo. Hapo ndipo nilipojifunza kazi ambayo wewe unaiendea, na nakuachia nilichokipata.

Katika dansi unatunga, na miguu inakufuata. Katika picha, wewe ndiwe unayefuata miguu ya mwingine. Mzungu yule alinionyesha mtu anatembea kutoka kwenye miti mpaka kwenye trekta, akataka wimbo uanze anapoinua mguu na uishe anapogusa chuma. Mtu yule alikuwa anatembea vibaya, hana mwendo wowote! Nikataka atembee upya. Karani akacheka, akasema picha imeshapigwa, huyo mtu ameshakwenda kwao Iringa. Nilikasirika siku nzima. Kesho yake nikaacha kupigana na miguu yake, nikatazama mabega. Mabega yake yalikuwa na mwendo. Nikapiga mabega. Basi ukipewa picha isiyochezeka, tazama mabega, tazama moshi wa jiko, tazama nguo kwenye kamba. Kuna kitu humo kinachokwenda na ngoma, kitafute mpaka ukipate.

Lingine sikulijua mpaka nilipokuwa nimeshachelewa. Dansini, mkwe wa mtu akiingia ukumbini, unabadilisha neno papo hapo, mwenye akili anakuelewa na mambo yanapita. Wimbo wa dansi una macho. Ukishaingia kwenye picha hauoni tena. Unasema yaleyale kwa kila mtu, mkwe awepo asiwepo, mtoto awepo asiwepo, na wewe mtunzi huna la kufanya.

Gari la sinema lilikuja Ruangwa baada ya mavuno. Watu walitoka Matambarale, Chunyu, Narung'ombe, wakajaa uwanja wa mpira, shuka jeupe limefungwa kwenye milingoti. Mimi nilitoka Nachingwea kwa baiskeli, kifua mbele. Nilikupandisha mabegani ili uone. Ulikuwa hujaingia jando bado. Rashidi alikuwa amekaa na wakwe zake wa Chunyu, amevaa koti. Mwaka ule wazee walikuwa wamemchagua awe kungwi, yaani yeye ndiye angekwenda na watoto jandoni, wewe ukiwa mmoja wao. Yeye ndiye angewaambia mwache majina yenu huko.

Picha ikaanza. Mtu akatembea. Kodiani yangu ikatoka kwenye spika kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia. Kisha sauti yangu ikaita lile jina.

Watu wazima wakanyamaza. Nilisikia jinsi walivyonyamaza, kwa sababu watoto hawakunyamaza. Watoto hawakujua ni jina la nani, waliupenda wimbo tu. Spika ikauliza "mbona huitiki?", na uwanja mzima watoto wakaita jina. Na wewe juu ya mabega yangu, Issa, uliita kwa nguvu kuliko wote, unanipiga kichwani kama ngoma, maana ulijua hiyo ni sauti ya baba yako. Ulimwita mjomba wako jina lake la kabla ya jando mbele ya wakwe zake. Hukuwa na kosa lolote. Sijawahi kukwambia, na shangazi yako hakujua, lakini ndicho kipande kinachoniuma kuliko vingine.

Rashidi hakuinuka. Alikaa mpaka picha ikaisha, amelinyoosha koti lake magotini. Kesho yake watoto wa Matambarale, wameshanong'onezwa jina ni la nani, walimfuata njiani wanaimba. Siku chache baadaye wazee wakampa ukungwi mtu mwingine, kwa maneno ya upole. Angesimamaje mbele ya watoto wanaolijua jina lake? Ndiyo sababu siku yako ya kutoka jandoni mjomba hakuwepo. Ulilia, ukauliza, tukakwambia anaumwa.

Alikuja nyumbani mara moja tu. Hakuketi. Alisema, "Shemeji, mimi si ntoto. Umenirudisha utotoni mbele ya wakwe. Sasa nikae wapi?" Kisha akamwambia dada yake akusanye vyombo. Mkakaa kwake misimu miwili ya kilimo, mimi nikawa Nachingwea peke yangu, mpaka yeye mwenyewe akamruhusu mama yako kurudi kwangu, nasi tukahamia hapa mjini. Tangu hapo hajakanyaga mlango wangu. Salamu za Idi zinapitia kwa watu.

Mimi nilifanya nini? Nilikwenda kwa yule karani wa picha, nikamwomba walitoe jina. Nilishindwa kumweleza. Nilisema ni jina baya, akasema mbona linapendeza. Nilisema mwenyewe amekasirika, akasema mwenyewe ashukuru, anajulikana mpaka Tabora. Akanieleza kwamba sauti imeshaunganishwa na picha, haikatiki. Basi nikarudi, nikaifunga kodiani kwenye gunia, nikaiweka darini. Kambi ikafa, karanga zikafa, watu wakarudi makwao, mimi nikawa fundi cherehani.

Nilidhani kunyamaza ndiko kuomba radhi. Miaka yote hii nilijiona mtu aliyejiadhibu, nikajihurumia, na kumbe Rashidi hakunituma niache muziki. Alichokitaka ni mimi niende. Kutoka hapa mpaka Matambarale ni baiskeli tu, na sikwenda. Badala yake hasira yangu uliipata wewe. Lile gitaa lako la kwanza, la debe na waya wa breki, halikuanguka. Nililikanyaga. Nilikuta unapiga wimbo uleule, sijui nani alikufundisha, na mguu wangu ukafanya kazi kabla ya kichwa. Ukatengeneza lingine. Nilishukuru moyoni ulipotengeneza lingine, ila sikukwambia hilo pia.

Jua limefika kwenye kizingiti. Mama yako hataki taa iwashwe mapema, kwa hiyo nakaza mwendo.

Jana uliponiona natoka na baiskeli ukadhani nimekwenda kutafuta vifungo. Nilikwenda Matambarale. Njiani niligeuza mara moja, nikageuza tena. Nilimkuta Rashidi kiwanjani anapeta ufuta. Amezeeka, Issa. Mikono imekuwa kama ya baba yake. Aliniona toka mbali lakini hakuacha kupeta, na upepo ukawa unanirushia yale yanayobaki, yakanishika suruali nzima.

Akasema, "Karibu shemeji. Nkeka huo hapo."

Nikakaa. Hakuuliza nimefuata nini. Nikamwambia unasafiri. Akasema amesikia. Nikamwambia wanautaka ule wimbo, na wewe umeniuliza, na mimi nimeshindwa kukujibu kwa sababu wenye haki ya kujibu tuko wawili. Akatikisa ungo, akapuliza.

"Wimbo ule nliupenda," akasema. "Nliupenda kabla haujaniita."

Hapo ndipo nilipomwomba radhi. Nilikuwa nimejipangia maneno mengi, yakatoka mawili, "Nisamehe, Rashidi." Akasema, "Kunywa uji kwanza." Uji ukaletwa, nikaunywa, naye akawa ananitazama kama zamani tulipokuwa tunangoja ndege waingie mtegoni.

Nikamweleza shida yangu. Jina lazima litoke. Lakini likitoka, wimbo unachechemea. Hauwezi kuita mtu mzima, unamwita mtoto wa umandeni, na jina la mtu mzima halikai pale. Nimejaribu majina yote ya msikitini.

"Basi weka lako," akasema.

Nilidhani ananitania, nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Nalijua. Si tulikuwa wote? Siku ile ya sinema, watoto wanapiga kelele, wewe umesimama pale na ntoto begani, lilinijia. Lilifika hapa." Akagusa koo. "Ningelisema mara moja tu, uwanja mzima ungekuwa unakucheka wewe. Nkalimeza. Mpaka leo nimelimeza."

Nililia, Issa. Nililia pale kwenye mkeka mbele ya wanawake waliotuletea uji. Nilitoa jina lake nikiwa sina haja, kwa kunogesha rumba tu, na yeye alikuwa na haja, akalinda langu. Akayatazama yale ya ufuta yaliyonijaa miguuni, akatabasamu peke yake, na hata hapo hakulisema.

Nilirudi na baiskeli nimeghadhibika. Nakwambia ukweli, maana unaweza kudhani baba yako alirudi akiwa malaika. Nilisema, mimi ndiye ninayewashonea watu kanzu za swala. Mimi nina ndevu nyeupe. Niitwe jina la mtoto uchi kwenye spika, kutoka Lindi mpaka Tabora? Watoto wa chuo wanifuate njiani? Nilisema labda tuupe bendi wimbo mwingine. Usiku sikulala, mama yako akaniuliza ni kunguni. Asubuhi nikakusikia uani unaupiga taratibu bila maneno, unadhani nimekwenda sokoni, na ulipofika mahali pa jina uliacha pengo. Uliliruka. Hujaambiwa na mtu. Nilisimama nyuma ya mlango na mkasi mkononi, nikajiona mpumbavu.

Basi jibu langu ni hili. Wimbo uchukue. Ni wako, wabadilishe mwendo kama wanavyotaka huko, uongeze magitaa, uupe mabega ya yeyote atakayetembea kwenye picha. Jina la mjomba wako liache lilikoachwa. Pale palipo na pengo weka la kwangu. Lina vipande vitatu kama lile, nimelijaribu mchana huu kwa sauti ndogo, cherehani ikinifichia, na halichechemei.

Bwana wa picha akiuliza kwa nini jina limebadilika, mwambie mwenye wimbo ndivyo anavyotaka. Akishikilia lile la zamani, funga gitaa lako, umpe wimbo wako mwenyewe. Unazo nyimbo, nimezisikia nyuma ya mlango, na mbili kati ya hizo ni nzuri kuliko hii. Na siku moja utakuwa na neno linalokaa vizuri mno mahali pake, nawe utajua si lako, na moyo utakuambia nani atajua. Mimi sikukatazi chochote. Nakuomba tu siku hiyo unikumbuke na mkasi wangu nyuma ya mlango.

Hujawahi kulisikia jina langu, wala mama yako. Aliyelitoa ni bibi yangu. Mama yangu alikuwa amezika wawili kabla yangu, na bibi akasema huyu tumwite kitu kinachotupwa, ili kifo kikipita kisimtamani. Akanishika masikio, akasema, "Huyu hafai kitu, nwacheni." Likanifaa mpaka siku ya moto. Wewe usiniite hilo hata siku moja. Uliimbe tu, uliimbe kwa nguvu kama ulivyoimba mabegani mwangu.

Mama yako ananiita, ameona vumbi la mtu njiani, anasema kuna mzee anakuja na baiskeli amevaa koti. Nilimwambia natazamia mwalimu. Ni mjomba wako. Alisema atakuja kulala, ili alfajiri akushike mkono akupandishe lori mwenyewe. Sikumwambia mama yako kwa sababu niliogopa asije asifike. Sasa hivi nakuita utoke nje umpokee baiskeli. Barua hii utaikuta chini ya gitaa, isome ukiwa kwenye treni.

Gari la sinema likirudi Ruangwa na picha yako, mimi na Rashidi tutakaa mbele. Spika ikiniita nitaitika.

Ni mimi baba yako,

Makapi